Wanachama 412, namba ya simu moja: 2147483647

Kisomo_Moro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nashughulikia kompyuta kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Wiki iliyopita mhasibu wetu alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi: meseji za kuwakumbusha watu marejesho zimetoka, salio la meseji limekatwa, lakini wanachama wengi wanaapa hawajaona kitu. Nikafungua kanzidata, nikaipanga safu ya simu kuanzia kubwa kwenda ndogo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikateremka ukurasa mzima, namba ni ile ile. Wanachama 412 wana namba moja ya simu:

2147483647

Mhasibu akauliza, "Huyu ni nani?"

Jibu la kazini lilikuwa jepesi. Aliyetengeneza mfumo miaka hiyo aliifanya safu ya simu kuwa ya namba nzima za kawaida, aina ya INT. Karani wa zamani alikuwa anaandika simu kwa kuanza na 07. Mashine inaitupa sifuri ya mbele, zinabaki tarakimu tisa, mambo yanakwenda. Akaja karani mpya na mtindo wa kuanza na 255. Sasa 255 ukiifuatisha na tarakimu tisa unapata zaidi ya bilioni 255, na safu ile mwisho wake ni bilioni mbili na ushee. Kanzidata yetu ni ya toleo la zamani, haikukataa wala haikulalamika. Kila namba iliyozidi iliandikwa kikomo chenyewe.

Hilo nitalimaliza. Kilichonileta hapa ni usiku wa siku ile. Nilikaa na hiyo namba kwenye daftari nikaanza kuigawa, sijui hata kwa nini. Kwa 3 haigawanyiki, jumla ya tarakimu zake ni 46. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 10. Nikaenda hivyo hivyo mpaka 97, mkono umechoka, haijakubali hata mara moja. Ndipo nikatafuta, nikasoma kwamba ni namba tasa, na kwamba aliyethibitisha alifanya hivyo mwaka 1772, kabla ya umeme, akiwa karibu kipofu. Tangu hapo sijatulia.

Isomeke: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Njia niliyoipenda ya kuifikia ni hii. Chukua Januari nzima. Tarehe 1 weka kwenye kibubu shilingi 1, tarehe 2 weka 2, tarehe 3 weka 4, kila siku mara mbili ya jana. Jioni ya tarehe 31 vunja kibubu. Ndani mna shilingi 2,147,483,647, haipungui wala haizidi hata moja. Kwa kuandika kwa kifupi ni 2^31 - 1.

Halafu angalieni: ukiweka kwa siku 5 tu, unapata 1+2+4+8+16, yaani 31. Siku 5 zinakupa 31, na siku 31 zinakupa hii yetu. 5 ni tasa, 31 ni tasa, na hii ni tasa.

Maswali yangu ni mawili. Mtu aliwezaje kuthibitisha kwa mkono kwamba namba ya bilioni mbili haina kigawo? Na ule mnyororo wa 5, 31, 2147483647, je, unaendelea?

---

Bahari_Tulivu

Naweka kambi hapa. Mkuu, kabla ya hayo makubwa, tusaidie sisi wa huku chini. Kwa nini kompyuta ikachagua kikomo hicho? Kwa nini isiwe bilioni mbili kamili, au bilioni kumi?

---

Kisomo_Moro

Mkuu Bahari, ni kibubu kile kile.

Safu ya INT inapewa nafasi 32 za kuandikia, tunaziita biti. Kila biti ni kama swichi ya taa, imewaka au imezimwa. Moja kati ya hizo 32 inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ya kwanza ikiwaka ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kuendelea, siku 31 za Januari. Zote 31 zikiwaka, umefika mwisho. Hakuna taa nyingine ya kuwasha.

Ukiongeza 1 hapo, taa zote 31 zinazimika na ile ya alama inawaka. Programu nyingi hapo zinasoma hasi 2,147,483,648. Ni kama mita ya gari iliyofika 999999, ila hii hairudi kwenye sifuri, inatumbukia shimoni upande wa pili.

Na kwa shilingi yetu hili si jambo la mbali. Bilioni mbili ni jumla ya mikopo ya chama cha kawaida tu. Wenzangu mnaotengeneza mifumo, angalieni safu zenu za fedha leo hii.

---

Mzee wa Chaki

Vijana, hamjambo. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 34, sasa nimepumzika Lushoto. Mjukuu ndiye ameniletea huu uzi. Nitajibu swali la kwanza, na nitalijibu taratibu maana linastahili.

Namba tasa mliisoma shule ya msingi: ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Ukitaka kujua kama namba ni tasa, huna haja ya kuigawa kwa kila kitu. Unajaribu namba tasa zote mpaka kipeuo chake cha pili, basi, kwa sababu vigawo huja wawili wawili na mmoja wao lazima awe mdogo kuliko kipeuo au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Ndugu mleta uzi alifika 97, yaani 25 za kwanza.

Namba za aina hii, 2 kwa kipeo fulani kisha utoe 1, watu wanazifukuzia tangu zamani. 2^2 - 1 ni 3. 2^3 - 1 ni 7. 2^5 - 1 ni 31. 2^7 - 1 ni 127. Zote tasa. Unadhani umepata kanuni: kipeo kikiwa tasa, jibu ni tasa. Kisha unafika 11, na 2047 inakuvunjia heshima, ni 23 × 89.

Mwanahisabati Cataldi wa Bologna, Italia, mwaka 1588, alithibitisha kipeo cha 17 na cha 19 kwa kugawa tu, moja baada ya nyingine. Kwa 19 namba ni 524,287, na kipeuo chake ni 724. Hiyo mtu mvumilivu anaweza. Lakini yeye akasema pia kwamba 23, 29, 31 na 37 zinatoa tasa. Mfaransa Fermat akaja mwaka 1640 akaangusha 23 na 37. Euler akaangusha 29 mwaka 1738. Katikati hapo, mwaka 1644, mtawa Mfaransa Mersenne alitoa orodha yake ya vipeo, naye akaiweka 31 ndani bila kuonyesha uthibitisho. Orodha hiyo ilikuwa na makosa: 67 na 257 hazistahili kuwemo, na 61, 89 na 107 alizisahau. Ndiyo maana kuwemo kwa 31 kwenye orodha hakukuwa ushahidi wa chochote.

Sasa Euler. Mswisi, yuko St. Petersburg, Urusi. Jicho la kulia limepotea miaka mingi, la kushoto limeingia mtoto wa jicho. Mwaka 1772 anamwandikia mwanahisabati mwenzake, Bernoulli, kwamba 2^31 - 1 ni tasa. Hakugawa kwa namba 4,700. Alijiuliza swali la kiungwana zaidi: kama namba hii ina kigawo, huyo kigawo atakuwa na sura gani?

Akapata alama mbili za kumtambua.

Ya kwanza. Tuseme p ni tasa na inaigawa 2^31 - 1. Basi 2^31 ukiigawa kwa p inabaki 1. Sasa ukianza na 1 na kuzidisha kwa 2 mara kwa mara, ukiangalia mabaki peke yake, mabaki hayo yatazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 31. Hayawezi kurudi mapema, maana 31 ni tasa, haina mgawanyo wa ndani. Na Fermat alikwisha tufundisha kwamba mzunguko wowote wa namna hiyo lazima uingie sawasawa ndani ya p - 1. Kwa hiyo p - 1 inagawanyika kwa 31. Nayo p ni witiri, kwa hiyo p - 1 ni shufwa. Hivyo p ukiigawa kwa 62 lazima ibaki 1.

Ya pili. Kama 2^31 inabaki 1, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Maana yake, katika ulimwengu wa mabaki ya p, namba 2 ina kipeuo cha pili. Jambo hilo hutokea tu pale p ikigawanywa kwa 8 inabaki 1 au 7.

Ziunganishe alama hizi mbili. 8 × 31 ni 248. Kigawo yeyote wa namba yetu lazima, akigawanywa kwa 248, abaki 1 au 63. Hakuna sura nyingine. Chini ya 46,341 namba za sura hiyo ni 373 tu. Ukitoa zile ambazo zenyewe si tasa, zinabaki 84.

Kutoka zaidi ya 4,700 hadi 84. Nilikuwa nawaandikia wanafunzi hizi namba mbili ubaoni kisha nanyamaza dakika nzima.

---

Mlikoni

Mwalimu, shikamoo. Nasoma kutoka Likoni, Mombasa, na hii alama ya pili nimeirudia mara nne ndipo ikaingia. Lakini hata hizo 84, nambari yenyewe ina tarakimu kumi. Mtu asiyeona vizuri atagawa tarakimu kumi mara 84 bila kuteleza hata mara moja? Na akiteleza mara moja, uthibitisho wote umekwenda.

---

Mzee wa Chaki

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ni ya haki. Euler alikuwa na kichwa cha ajabu na wasaidizi wa kumwandikia. Namna alivyopanga kazi yake mezani sitaisemea, ila nitakuonyesha njia ambayo haikulazimishi kuigusa namba ya tarakimu kumi hata mara moja.

Tuchukue mtuhumiwa wa kwanza. Orodha yetu inaanza 63, 249, 311. Ya 63 si tasa. Ya 249 ni 3 × 83. Ya 311 ni tasa. Basi tuijaribu.

2^8 ni 256. Ukitoa 311 unapata hasi 55. Tutatumia hiyo 55, maana kwenye mraba alama hasi inapotea.

2^16 ni mraba wake: 55 × 55 = 3025. Toa 311 mara tisa, yaani 2799, inabaki 226. Au ukipenda, hasi 85.

2^32 ni mraba wa hapo: 85 × 85 = 7225. Toa 311 mara 23, yaani 7153, inabaki 72.

2^32 inabaki 72, kwa hiyo 2^31 inabaki 36, na 2^31 - 1 inabaki 35.

Haikugawanyika. Miraba miwili, mistari minne. Mwenye kikokotoo ajaribu: 311 × 6,905,092, kisha uongeze 35.

Sasa nikuonyeshe kitu kilichonifanya nisilale nilipokuwa kijana, mpaka leo sijakizoea. Kanuni ya Euler inafanya kazi kwa vipeo vingine vilevile, weka tu kipeo hicho mahali pa 31. Fuata:

Kwa kipeo 11, mtuhumiwa wa kwanza aliye tasa ni 23. Anagawa.
Kwa kipeo 23, mtuhumiwa wa kwanza ni 47. Anagawa.
Kwa kipeo 29, wa kwanza aliye tasa ni 233. Anagawa.
Kwa kipeo 37, wa kwanza ni 223. Anagawa.

Zote nne zimeanguka kwa pigo la kwanza. Mjaribu 233 mwenyewe: 2^8 inabaki 23, 2^16 inabaki 63, 2^24 ni 23 × 63, inabaki 51, na 2^29 ni 51 × 32 = 1632, na 233 × 7 ni 1631. Inabaki 1. Kwisha habari yake: 536,870,911 ni 233 × 1103 × 2089.

Halafu inakuja 31. Wa kwanza, 311, hapiti. Wa pili, 1303, hapiti. Wa tatu, 1489, hapiti. Unaenda mpaka wa 84 na hapiti hata mmoja. Namba imesimama.

---

Bahari_Tulivu

Mwalimu, mimi hisabati niliiacha kidato cha pili kwa hasira. Nimefanya hiyo ya 311 kwenye karatasi ya mandazi hapa dukani na nimepata 35. Mke wangu ananiuliza natabasamia nini.

---

dada_wa_data

Wakuu, nachangia swali la pili la mleta uzi, la mnyororo.

Hatua inayofuata baada ya 2147483647 ingekuwa 2^2147483647 - 1. Yaani usiweke kibubu kwa mwezi, weka kwa siku bilioni mbili na ushee. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna karatasi ya kuiandikia, lakini kanuni ile ile ya mwalimu inatumika. Kigawo yeyote wake lazima, ukitoa 1, agawanyike kwa 2147483647. Kwa hiyo huhitaji kuiona namba yenyewe, unamtafuta mtuhumiwa mwenye sura hiyo na kumjaribu kwa kupiga miraba, kama 311.

Na mtuhumiwa amepatikana: 295,257,526,626,031. Toa 1, gawa kwa 2147483647, unapata 137,490 kamili. Anaigawa namba ile ya tarakimu milioni 646. Kwa hiyo mnyororo wa 5, 31, 2147483647 unakatikia hapo, mkuu Kisomo. Nilipojua mara ya kwanza nilisikitika kama nimepoteza kitu.

Jambo la pili, kwa sisi wa mifumo. Namba hii ina tarehe. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Penye nafasi 32, sekunde ya mwisho inayoweza kuandikwa ni ya 2,147,483,647. Hiyo ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Watoto wanajiandaa kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku. Mifumo mipya inatumia nafasi 64 na haina shida hiyo. Tatizo ni vifaa vya zamani ambavyo hakuna anayevikumbuka: mita, mitambo ya viwandani, seva iliyofungiwa kabatini. Na mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaosainiwa leo tayari unavuka tarehe hiyo.

Imekwisha kugonga ukuta mara kadhaa. Mwaka 2014 YouTube walilazimika kupanua kihesabio chao kwa sababu ya video moja ya muziki kutoka Korea Kusini iliyokaribia watazamaji bilioni 2.147. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zisiachwe na umeme umewashwa siku 248 mfululizo, maana kihesabio ndani ya vifaa vinavyosimamia jenereta kingejaa na jenereta zingeacha kutoa umeme zote kwa pamoja. Chukueni 2,147,483,647 kama mia za sekunde, mgeuze kuwa siku: mnapata 248 na nusu hivi. Mwalimu, 248 hiyo na ile yako ya Euler hazina undugu, zimekutana njiani tu, lakini nilipoziona zote kwenye uzi mmoja mwili ulisisimka.

---

Msafiri_Kigoma

Nauliza kwa heshima, si kwa kubeza. Huyo Euler alipothibitisha, ilimsaidia nani? Mwaka 1772 hakukuwa na kompyuta. Kwa nini mzee anayepoteza macho atumie mwanga wake wa mwisho kwa jambo hilo?

---

Mzee wa Chaki

Swali lako aliliuliza pia Mwingereza Peter Barlow mwaka 1811, kwa namna yake.

Kuna namba zinaitwa namba kamilifu. Vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba yenyewe. 6 ni 1+2+3. 28 ni 1+2+4+7+14. Eukleide, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba kila tasa ya sura ya 2^n - 1 inazaa namba kamilifu moja: izidishe kwa 2^(n-1). Euler mwenyewe akathibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hutoka hivyo. Sisi tunaiita tasa, kama mtu asiyezaa, lakini hizi za kibubu kila moja ina mtoto mmoja. Mtoto wa namba yetu ni

2,305,843,008,139,952,128

namba kamilifu ya nane. Barlow aliitaja hiyo katika kitabu chake, akasema ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa ni za kushangaza tu bila manufaa, na hakuna atakayehangaika kutafuta nyingine zaidi.

Mwaka 1876 Édouard Lucas akapata 2^127 - 1, yenye tarakimu 39, bila kompyuta. Na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 - 1, yenye tarakimu 41,024,320. Watu wamehangaika, kama mnavyoona.

Kwa nini Euler alifanya? Msafiri, nitakujibu kama mwalimu. Kwa miaka zaidi ya mia watu walikuwa wakisema "31 inakubali" bila kuonyesha. Hakutaka jambo libaki kwenye "inasemekana". Mimi hilo linanitosha.

---

dada_wa_data

Niongezee kwa Msafiri, kwa sababu na manufaa yapo, yalichelewa tu.

Kompyuta haiwezi kurusha sarafu. Ikihitaji namba za kubahatisha, kwa mchezo, kwa sampuli ya utafiti, kwa kujaribu mfumo, inazipika. Njia moja iliyotumika sana, ambayo wataalamu wa kompyuta Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini kinachokubalika, ni hii: anza na namba yoyote kuanzia 1 mpaka 2147483646, izidishe kwa 16807, gawa kwa 2147483647, chukua baki. Baki hilo ndilo namba yako, na ndilo mbegu ya inayofuata.

Ukianza na 1: 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, kisha 984943658, kisha 1144108930. Hakuna jicho litakaloona mpangilio hapo. Ukiendelea, utapita kila namba kutoka 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi mwanzo. Bilioni mbili bila kurudia.

Hilo linawezekana kwa sababu namba ya kugawia ni tasa, na kwa sababu 16807, ambayo ni 7^5, imechaguliwa vizuri. Ingekuwa na kigawo kilichojificha, mzunguko ungekatika mapema kwa baadhi ya mbegu na tafiti za watu zingeharibika kimyakimya. Kazi ya Euler ya mwaka 1772 ilikaa inasubiri karibu miaka mia mbili, na ilipohitajika ilikuwa tayari, imethibitishwa, hakuna cha kurudia.

---

Mlikoni

Dada, hapo kwa mbegu ndipo nimeelewa kwa nini nambari hiyo hiyo iko kwenye ukuta wa mashine na pia kwenye daftari la Euler. Nafasi 31 zikijaa ndiyo hiyo, na kwa bahati 31 ni miongoni mwa vipeo vinavyokubali. Ingekuwa mashine zimejengwa kwa nafasi 30 baada ya alama, 2^30 - 1 inagawanyika kwa 3 papo hapo.

---

dada_wa_data

Ndivyo. Na kwa nafasi 63, za mifumo mipya, kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7. Ukuta mpya ni mrefu zaidi ila si tasa.

---

Kisomo_Moro

Shikamoo mwalimu. Ahsanteni wote, na dada wa data nakushukuru hata kwa habari ya mnyororo kukatika.

Mrejesho wa kazini. Jumamosi tulikaa na yule karani mpya na mafaili ya fomu za uanachama. Safu ya simu nimeigeuza kuwa ya maandishi, kwa sababu namba ya simu hakuna mtu anayeijumlisha wala kuizidisha, haikupaswa kuwa hesabu tangu mwanzo. Yeye anasoma kutoka kwenye fomu, mimi naandika. Ningeweza kuzifuta 412 kwa amri moja lakini nilitaka kila mtu apate namba yake mstari kwa mstari, nione imebadilika. Tumefika 409. Fomu tatu hazina simu kabisa, moja ni ya bibi wa Matombo ambaye mhasibu anasema hana simu na huja mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Hao watatu nimewaachia wazi.

Jana usiku nimerudi kwenye daftari. Nilipoachia kwenye 97 nimepiga mstari, nimeanza upya kwa orodha ya mwalimu. 311 nimepata baki 35 kama ulivyoonyesha. Kisha 1303: 2^16 inabaki 386, 386 × 386 ni 148,996, toa 1303 mara 114, inabaki 454, nusu yake 227, toa moja, 226.

Mwalimu, naomba unisahihishie.

---

Mzee wa Chaki

Sahihi kabisa. Nenda 1489.